Magurudumu ya Mbele Nayo Yavute

Ye yote aliyesukuma matopeni kamyoneti yenye mgonjwa anajua: magurudumu ya nyuma huzunguka bure, ya mbele hufuata tu. Huko Indianapolis, Marekani, kampuni Marmon-Herrington ilianza mwaka 1935 kugeuza magari ya Ford. Iliondoa ekseli ya mbele, ikatia nyingine yenye kuzungusha magurudumu, pamoja na sanduku la kugawa nguvu mbele na nyuma. Kisha NAPCO ya Minneapolis iligeuza Chevrolet. Tangu 1957 mtambo wake ulifungwa kiwandani kwa Chevrolet kwenyewe. Moteri ilibaki ile ile. Nguvu yake iligawanywa vema. Parokia nayo ni hivyo: Padri na katekista wakivuta peke yao, wakristo wakifuata tu, tutakwama.