Nidhamu ya Pumzi: Historia ya Uzamiaji wa Mtungi

Uzamiaji wa mtungi, yaani ule ambao mzamiaji hubeba mgongoni hewa yake ya kupumua badala ya kuletewa kwa mpira kutoka juu, husifiwa siku hizi kuwa humpunguzia mtu wahaka na kumfunza subira katika maisha ya kila siku. Sifa hizo si za bure, lakini chimbuko lake halimo katika uzuri wa matumbawe. Limo katika kanuni zilizotungwa baada ya watu wengi kulemaa na kufa.

Katika karne ya 19 kuzamia kulikuwa kibarua cha wachache. Mzamiaji wa zama za Augustus Siebe, fundi wa London aliyeboresha vazi la kuzamia katika miaka ya 1830, alivaa kofia ya shaba na viatu vilivyotiwa risasi, akaishi kwa pampu iliyoendeshwa na wenzake juu ya maji. Aliyekaa kina kirefu kwa muda mrefu kisha akapanda upesi aliweza kupooza, na maradhi hayohayo yaliwapata wajenzi wa daraja la Brooklyn, New York, waliochimba misingi yake ndani ya vyumba vya hewa iliyoshindiliwa chini ya mto. Mhandisi mkuu, Washington Roebling, aliugua mwaka 1872. Mfaransa Paul Bert alieleza mwaka 1878 kwamba kanieneo, yaani nguvu inayokandamiza kila eneo la mwili, huifanya nitrojeni iyeyuke katika damu, na kanieneo ikipungua ghafla gesi hiyo hutoka kwa mapovu, kama soda inapofunguliwa. Mwaka 1908 John Scott Haldane, baada ya majaribio aliyoyafanya Uingereza kwa mbuzi (ambao hakuna aliyewataka ridhaa), alichapisha majedwali yaliyomtaka mzamiaji apande kwa vituo, akingoja katika kila kituo hadi mwili utoe gesi hiyo taratibu.

Mwaka 1943, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani na petroli ikiwa adimu, mhandisi Émile Gagnan alikuwa na vali iliyokusudiwa magari yaendeshwe kwa gesi. Yeye na ofisa wa jeshi la majini, Jacques-Yves Cousteau, waliigeuza kuwa kidhibiti kinachotoa hewa pale tu mzamiaji anapovuta pumzi, tena kwa kanieneo inayolingana na ya maji yanayomzunguka. Uhuru huo wa kutofungwa na pampu ya juu ulikuja na hatari yake: katika kina cha mita 10 kanieneo huwa maradufu ya ile iliyo juu ya bahari, hivyo anayejaza mapafu hapo, akabana pumzi na kupanda, hewa hiyo hutanuka mara mbili na inaweza kuyapasua. Ndiyo maana amri ya kwanza ya fani hii ni kutobana pumzi kamwe.

Klabu za raia, kama ile ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1953, ziliyachukua mafunzo haya na kuyafanya mtaala wa watu wa kawaida. Karani au mwalimu aliyejiunga alilazimika kupumua polepole, kwa kuwa mwenye papara humaliza mtungi mapema. Kukagua vifaa vya mwenzake kabla ya kuingia majini, kwa kuwa huzamiwa kwa jozi. Na kukatiza safari bila kuona haya, hata awe amelipa nauli ya mbali. Mtu anayerudia mazoea hayo kila wiki huenda nayo nyumbani na kazini, na hapo ndipo faida inayosifiwa inapoaminika zaidi kuliko maneno ya matangazo ya utalii.

Anayetaka kuanza apimwe kwanza na daktari, hasa moyo, masikio na mapafu, kisha afunzwe na mkufunzi mwenye cheti. Na nadharia ya Bert haijapitwa na wakati: kwa kuwa kanieneo hupungua ndani ya ndege inayopaa, mtalii aliyezamia mara kadhaa hushauriwa asipande ndege mpaka zipite saa 18 angalau.