Asansere ya boti: kule maji yalibeba, huku kichwa cha mutu



Mimi nimekulia Kisangani. Tangu utoto naona boti ya Kinshasa inafika hapa, inashusha mizigo, inageuka. Mbele kuna maporomoko ya Boyoma, boti haipiti. Nilizoea tu, mpaka siku niliposoma juu ya Canal du Centre ya Ubelgiji.

Karibu na mji wa La Louvière, mfereji huo unapanda mita 66 hivi katika kilometa 7. Boyoma yetu inashuka karibu mita 60, kwa kilometa kama 100. Kimo kinakaribiana!

Walifanyaje? Ekluzi, vile vyumba vya milango vya kupandisha boti, vingekula maji mingi, na eneo lile maji ni haba. Njo maana wakajenga asansere nne. Kila moja ina mabeseni mawili makubwa ya chuma, yamejaa maji, kila beseni limekaa juu ya pistoni yake. Silinda za pistoni zimeunganishwa kwa bomba. Beseni la juu linaongezewa maji kidogo, linakuwa zito. Wakifungua robine, linashuka, na lile la chini linapanda na boti yake. Boti yenyewe haiongezi uzito, kwa sababu inasukuma nje maji yenye uzito sawa na wake.

Mchoro ni wa Edwin Clark, mwinjinia Mwingereza. Waliojenga ni kampuni ya Cockerill ya Seraing. Asansere ya kwanza, ya Houdeng-Goegnies, inanyanyua boti mita 15.4. Ilizinduliwa tarehe 4 Juni 1888. Na nani? Léopold II. Yuleyule wetu.

Sasa tuangalie huku. Miaka ile ile, katika Kongo aliyoifanya mali yake, boti za mvuke za kupita juu ya maporomoko ya Matadi zilikatwa vipande, zikabebwa na wapagazi, mwendo wa mamia ya kilometa. Reli ya kwenda Léopoldville ilianza kujengwa 1890, ikaisha 1898, na wafanyakazi wengi walikufa. Ya kwetu, Kisangani mpaka Ubundu, kilometa 125, ilimalizika 1906.

Sisemi asansere ile ingewekwa Boyoma. Lualaba si mfereji, maji yake yana nguvu sana. Lakini mara nyingi tunaambiwa: "Wakati ule ilikuwa hivyo, ufundi ulikuwa bado." Hapana. Ufundi ulikuwapo, na mfalme aliuona kwa macho yake. Kule walitafuta akili ili wasipoteze maji. Huku hawakutafuta, kwa sababu mgongo wa mutu mweusi waliuona wa bure.

Asansere zile nne ziko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1998. Wapagazi wetu, majina yao tutayasoma wapi? Wewe unayetafuta mada ya TFC, anzia kwa wazee wa kijiji chako.