Nuru na Uso wa Mtu

Msomaji, itazame picha yoyote ya darasa iliyopigwa uwanjani saa sita mchana. Utaona vipaji vya nyuso vinang'aa, bali macho yamezama kivulini kama mashimo. Watu wote wamo, lakini hapana hata mmoja aonekanaye barabara. Lawama si ya kamera. Ni ya nuru iliyotoka utosini, na ustadi wa kuitawala nuru una historia yake.

Mwaka wa 1838 Mfaransa Louis Daguerre alielekeza kamera yake kwenye njia ya Boulevard du Temple, mjini Paris. Njia ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini katika picha ilitokea tupu. Bamba lake lilihitaji dakika kadhaa kuishika nuru, na apitaye hakuacha alama. Alionekana mtu aliyekuwa amesimama akisafishiwa viatu. Basi si ajabu kwamba wapiga picha waliofuata waliitamani nuru nyingi. Walijenga vyumba vyenye mapaa ya vioo, wakamshikiza mteja kichwa kwa chuma kisogoni asitikisike. Picha zilitoka safi. Nyuso zilikuwa bapa kama sahani.

Aliyekwenda kinyume alikuwa Julia Margaret Cameron, mama wa watu wazima, aliyepewa kamera na bintiye mwaka wa 1863, naye ana umri wa miaka 48. Aliishi Freshwater, katika kisiwa cha Wight, Uingereza. Banda la kuku aliligeuza chumba cha picha, na chumba cha makaa akakifanya cha kusafishia mabamba. Hakuikaribisha nuru yote: aliizuia kwa mapazia, akaacha ile ya upande mmoja, ili nusu ya uso ing'ae na nusu iingie kizani. Tena alisogea karibu mno, hata uso ukajaa picha nzima, pasipo viti wala nguzo za urembo. Mabingwa wa siku hizo walimcheka kwa ukungu wa picha zake.

Mwaka wa 1867 alimpiga picha mtaalamu wa nyota John Herschel, mzee wa miaka 75. Huyu ndiye aliyegundua, mwaka wa 1819, tabia ya dawa ambayo baadaye ilizuia picha zisiharibiwe na nuru. Bibi Cameron alimtaka aoshe nywele zake nyeupe, akazitimua ili zidake mwanga, kisha akamfunika nguo nyeusi mabegani. Mwili umepotea gizani. Imebaki sura, na macho yaliyochoka kwa kutazama mbingu.

Wewe huhitaji banda la kuku. Mketishe bibi yako karibu na mlango ulio wazi, mahali jua lisipomfikia lenyewe, ubavu wake mmoja ukielekea nje. Ondoa ndoo na kamba ya nguo nyuma yake. Kisha msogelee, zaidi ya unavyodhani inafaa, na umwombe atulie.