Gimba Barafu: Nyotamkia Kabla Haijaota Mkia

Januari 2007, mtu aliyetoka nje baada ya machweo huko Macquarie Fields, kusini-magharibi mwa Sydney, akatazama magharibi, angeweza kuiona nyotamkia ya McNaught ikiwa na mkia uliotanda kama upepeo. Robert McNaught alikuwa ameigundua Agosti 2006 katika kituo cha Siding Spring, kwenye jimbo hilohilo la New South Wales. Iling'aa hata ikaonekana mchana.

Mswahili aliyeiona hakukosa la kusema: nyotamkia. Ni jina zuri, nami sitaki liachwe. Ila limetokana na kile jicho linachokiona, na jicho huona mkia. Chenye mkia si nyota. Ni gimba dogo, mara nyingi lenye upana wa kilomita chache tu, la barafu iliyochanganyika na vumbi na mawe. Barafu hiyo si ya maji peke yake; imo pia dioksidi ya kaboni na monoksidi ya kaboni, zilizoganda kwa baridi kali. Makao ya magimba haya ni Ukanda wa Kuiper, ng'ambo ya sayari Neptuni, na Wingu la Oort lililo mbali zaidi. Huko hayana mkia wowote. Gimba linapolisogelea Jua ndipo barafu inapogeuka gesi moja kwa moja bila kuwa maji, gesi hubeba vumbi, na mwanga wa Jua pamoja na upepo wake husukuma vyote upande wa mbali na Jua.

Basi tuliiteje gimba hilo kabla ya mkia kuota? Napendekeza gimba barafu, wingi magimba barafu. Limeundwa kama nyotamkia yenyewe, jina juu ya jina, na "gimba" tumekwisha kulizoea katika maandishi ya elimu ya anga. Wako wanaotumia "kimondo" kwa kila kitu kinachopita angani kwa mwanga. Hilo silikubali. Kimondo cha Mbozi, kule Songwe, kinajulikana na kila mwanafunzi wa Tanzania, nacho ni chuma karibu chote.

Haja ya istilahi hii inaonekana wazi kwa kitu kiitwacho Chiron. Charles Kowal alikigundua mwaka 1977. Kinazunguka Jua hasa kati ya Zohali na Uranusi (Zohali hapa ni ile sayari yenye pete, maana vitabu vyetu vya shule vimewahi kuyachanganya majina haya). Kikaandikishwa kuwa asteroidi namba 2060. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kikaonekana kimejizungushia wingu la gesi na vumbi, kikapewa na namba ya nyotamkia, 95P. Gimba moja, daftari mbili. Kisha mwaka 2021 likatangazwa gimba la Bernardinelli na Bernstein, lenye upana wa kilomita zaidi ya 100. Picha zilizopigwa kwa darubini ya Sutherland, Afrika Kusini, zilionyesha limeanza kutoa wingu likiwa mbali na Jua kiasi cha mara 20 ya umbali wetu. Maji hayawezi kugeuka gesi katika baridi ya huko, lakini monoksidi ya kaboni huweza.

Wanaastronomia wenyewe walianza zamani kulifuata gimba badala ya mkia. Mfano uko Sydney kulekule: Macquarie Fields imepewa jina la gavana wa New South Wales, Lachlan Macquarie. Aliyemrithi, Thomas Brisbane, alijenga kituo cha kutazamia nyota huko Parramatta, upande wa kaskazini, na Juni 1822 Karl Rümker akaipata hapo nyotamkia ya Encke, mahali palepale ambapo hesabu za Johann Encke zilikuwa zimeielekeza. Ilikuwa ya pili tu kurudi kwa kutabiriwa, baada ya ile ya Halley. Huzunguka Jua kwa miaka 3.3, na sehemu kubwa ya safari hiyo haina mkia wa kuonekana.

Kwa hiyo nawaomba walimu, wafasiri na wahariri: andikeni gimba barafu mnapotaja umbo lenyewe, na nyotamkia pale tu wingu au mkia unapokuwa umetokeza.