Peni Nzito ya Mwaka 1797

Mpenzi wa sarafu kuukuu za Uingereza akiokota peni ya 1797, kiganja chake hujua kabla ya macho. Ni wakia nzima ya shaba, karibu gramu 28, na ile ya peni mbili ina wakia mbili kamili. Waingereza waliziita magurudumu ya mkokoteni, kwa ukingo wake mpana ulioinuka, ambao maandishi yamedidimizwa ndani yake.

Uzito huo ulitokana na dhiki ya watu wa chini. Kiwanda cha Sarafu cha Kifalme kiliacha kupiga sarafu za shaba mwaka 1775, na waghushi wakapata uwanja. Nusu peni nyepesi za bandia zikazagaa, na kibarua aliyelipwa kwa shaba akawa hana hakika kama mwenye duka atampokelea ujira wake. Mwaka 1787 kampuni ya mgodi wa Parys, kisiwani Anglesey, ikaanza kujipigia sarafu zake yenyewe. Wenye viwanda na maduka wakafuata. Aina zake zilikuwa nyingi na nzuri mno, hata wakusanyaji wakazigombea zikiwa bado mpya. James Conder wa Ipswich alitoa orodha yake mwaka 1798, na hadi leo zinajulikana kwa jina lake.

Mwaka 1797 serikali ilimpa kazi Matthew Boulton wa Birmingham, mshirika wa James Watt. Katika kiwanda chake cha Soho, mitambo ya mvuke ilipiga sarafu zilizolingana kwa umbo na uzito. Boulton aliwaza vizuri: sarafu ikibeba shaba inayokaribia thamani yake, na ikapigwa kwa ustadi usioigika, mghushi atapata faida gani? Wenye maduka walizitumia hata kama mawe ya mizani. Lakini mifuko ililemewa, na bei ya shaba ilipopanda, nyingi zikayeyushwa. Sarafu zilizofuata zikapunguzwa uzito, na mwaka 1860 bronzi ikachukua nafasi ya shaba.

Baadhi ya mitambo ya Soho ilinunuliwa mnadani mwaka 1850 na Ralph Heaton, wa Birmingham pia. Kampuni yake ndiyo iliyopiga rupia za fedha za Mombasa za mwaka 1888, zenye herufi H.

Zinazonigusa kuliko zote ni zile zilizosuguliwa zikabaki bapa. Wafungwa waliosubiri kusafirishwa Australia walifuta uso wa Mfalme George wa Tatu, wakachora majina yao na ya wapenzi wao, tarehe na maneno ya kuagana, kisha wakawaachia jamaa. Upana wa peni ya Boulton uliwapa nafasi ya kuandika. Makumbusho ya Taifa ya Australia yana zaidi ya 300 za namna hiyo. Kwa kawaida mkusanyaji huikimbia sarafu iliyokwaruzwa. Hizi huzitafuta, na ana haki, kwani wengi wa watu hao wa kawaida hawakuacha maandishi mengine yoyote.