Hita ya pampu ya joto: Gharama za kuifunga nyumbani ambazo muuzaji hakutajii

Asubuhi za Juni na Julai pale Arusha, Njombe au Mbeya, kuoga maji ya bomba yalivyo ni kazi ya wachache. Wengi huchemsha kwa gesi, kwa hita ya kuchovya kwenye ndoo au kwa shawa ya umeme, halafu mwisho wa mwezi wanashangaa LUKU imekwenda wapi.

Ndipo inapotajwa hita ya pampu ya joto, ambayo husifiwa kwamba hupasha maji kwa theluthi moja tu ya umeme. Sifa hiyo ni ya kweli. Ishu ni gharama ya kuifunga, na kama hela hiyo itarudi.

Inavyofanya kazi

Friji hutoa joto ndani na kulitupa nyuma, ndiyo maana mgongo wake huwa na moto. Hita hii ni friji iliyogeuzwa. Feni huvuta hewa ya kawaida, gesi iliyo kwenye mirija hunyonya joto la hewa hiyo, kompresa huikandamiza gesi izidi kupata moto, kisha joto huingia kwenye tangi la maji. Umeme hauchemshi maji moja kwa moja, unahamisha joto tu. Kwa hiyo uniti moja ya umeme huweza kuleta joto la uniti tatu hivi.

Hewa ikiwa baridi sana, uwezo hushuka. Kwa sehemu kubwa ya Tanzania hilo si tatizo, ingawa usiku wa Julai kule Makete tangi litachelewa kupata moto.

Hesabu ya LUKU

Chukua familia ya watu watano. Kila mmoja anaoga lita 25 za maji ya nyuzi joto 40, na maji ya bomba yako nyuzi 20. Kupasha lita hizo 125 kwa umeme wa kawaida hula karibu uniti 3 kwa siku, yaani uniti 90 kwa mwezi.

Kwa bei ya kawaida ya majumbani, ambapo Sh1,000 hutoa takriban uniti 2.8, hizo ni kama Sh32,000. Pampu ya joto itakula uniti 30, sawa na Sh10,700 hivi. Kinachobaki mfukoni ni zaidi ya Sh21,000 kwa mwezi, karibu Sh257,000 kwa mwaka.

Wenye kubanwa zaidi ni wateja wa kundi la matumizi madogo, wanaopata zaidi ya uniti 8 kwa Sh1,000 mradi wasivuke uniti 75 kwa mwezi. Nyumba inayotumia uniti 60 kwa taa, TV na friji hulipa kama Sh7,300. Ikiongeza uniti 30 za pampu inafika 90, tayari imevuka. Ikizoea kuvuka na kuhamishiwa bei ya kawaida, zile uniti 60 za taa zile zile zitagharimu zaidi ya Sh21,000. Hapo hata hita inayookoa umeme inaweza kuongeza bili, na muuzaji hawezi kulisema hilo.

Bei ya kifaa

Marekani, ambako hita hizi zimezoeleka majumbani, kifaa peke yake huuzwa kwa kawaida kati ya dola 1,500 na 3,000, kabla ya ufundi. Dola 1,500 ni zaidi ya Sh3.5 milioni, na hapo hujaweka usafiri wala ushuru.

Weka kiasi hicho kando ya ile akiba ya Sh257,000. Hela inarudi baada ya miaka zaidi ya 13, wakati hita nyingi za aina hii hudumu miaka 10 hadi 15. Kwa familia ya watu watano hesabu haipendezi, labda ipatikane kwa bei nafuu sana.

Gesti ni habari nyingine. Wageni 10 wakioga lita 40 kila mmoja kwa siku, wanahitaji uniti 9 na ushee. Pampu hupunguza zaidi ya Sh66,000 kwa mwezi, na Sh3.5 milioni hurudi ndani ya miaka minne na nusu hivi. Ila vyumba vikikaa vitupu nusu ya mwezi, muda huo unakuwa mara mbili.

Gharama zinazojificha ukutani

Ya kwanza ni presha. Nyumba nyingi hutumia maji ya simtanki lililo juu ya mnara au paa. Tangi likiwa mita tatu juu ya bomba la kuogea, presha yake ni kama bar 0.3 tu, na baadhi ya hita zinataka zaidi ya hapo. Itabidi kununua pampu ya kusukuma maji, ambayo nayo inakula umeme.

Halafu uzito. Tangi la lita 200 likijaa hubeba kilo 200 za maji, bila kuhesabu chuma chake. Halitundikwi ukutani kama shawa, linahitaji sakafu imara. Linahitaji pia nafasi yenye hewa, kwa sababu likifungiwa kwenye stoo ndogo huipoza ile hewa linayotegemea. Sauti yake ni kama ya feni na friji kwa pamoja, kwa hiyo si kitu cha kuweka nyuma ya ukuta wa chumba cha kulala.

Mabomba ya maji ya moto yawe ya PPR, siyo PVC ya kawaida inayolegea ikipata moto. Kuwe na mrija wa kutoa maji ya umande, na valvu ya usalama. Kwenye umeme, ni laini yake peke yake, swichi yake ya kukatia, waya wa ethi unaofanya kazi na kinga ya umeme unaopanda na kushuka, maana kompresa ikiungua umenunua upya. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA.

Wenye maji ya kisima yenye chumvi waulizie kijiti cha anodi ndani ya tangi. Ndicho kinacholiwa na kutu badala ya tangi, hivyo kikaguliwe kila mwaka na kubadilishwa kinapoisha.

Kabla ya kulipa, ulizia pia nani mjini kwako anaweza kuitengeneza. Fundi friji mzuri anaielewa gesi na kompresa, lakini bodi ya umeme ya modeli hiyo akiikosa, itabidi kurudi kwenye ndoo wakati spea inasubiriwa.