Hiyo Sola Kwa Baiskeli Yangu Ina Historia

Wasee, swali naulizwa sana kuhusu kompyuta ya baiskeli yangu ni moja: hiyo sola inafanya kazi kweli ama ni urembo tu? Jibu liko kwa historia.

Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik. Ilitegemea betri peke yake, na baada ya siku 22 ikanyamaza. Lakini wanasayansi wa Johns Hopkins, Marekani, walikuwa wameshaskia kitu. Mlio wake ulibadilika ikija na ikienda, kama king'ora cha ambulensi inayokupita. Kwa hayo mabadiliko wakajua iko wapi. Halafu wakageuza hesabu: ukijua satelaiti iko wapi, utajua wewe uko wapi. Hapo ikazaliwa Transit, mfumo uliotangulia GPS.

Machi 1958 Marekani nao wakarusha Vanguard 1, kitu cha kilo moja na nusu hivi. Kilikuwa na redio mbili. Ya betri ilizima Juni mwaka huo huo. Ya sola ilidunda mpaka 1964. Miaka sita, manze!

Leo hizo stori mbili zimekutana kwa usukani wangu. Na si bure: jeshi la Marekani lilikuwa linawapa raia ishara ya GPS iliyovurugwa makusudi, hadi Mei 2000 Rais Clinton alipoamuru hiyo tabia iishe.

Sasa turudi kwa sola. Garmin walipotoa Edge 1040 Solar mwaka wa 2022, walisema inafika saa 45 ukiwa na jua, na ile isiyo na sola saa 35. Ni saa kumi za ziada, si uhuru. Mimi nina miaka mitatu na kifaa cha aina hii, na hata jua la Magadi halijanifanya niache chaja nyumbani. Linachelewesha tu siku ya kuchaji.

Tofauti ni hii: redio ya Vanguard ilikula jua moja kwa moja. Vifaa vyetu vinapitisha jua kwa betri, na betri ndiyo huzeeka kwanza. Ikifa, sola inabaki kioo tu.

Kwa hivyo ukiambiwa bei imepanda juu ni ya sola, usibishane kuhusu jua. Uliza hivi: betri ikichoka, fundi anaweza kuibadilisha? Wakikosa jibu, weka pesa yako mfukoni.